ALTEZZA INAMISI? SOMA HII KABLA HUJAKIMBILIA KARIAKOO



Kuna dogo mmoja wa Tandika ana Altezza RS200, manyuali ya gia sita. Aliipata kwa hela ya kuungaunga, nusu akiba yake na nusu mkopo wa ndugu. Kwa miezi mitatu gari ikawa inamisi. Asubuhi ukiwasha inatetemeka kama mgonjwa wa malaria, ukikanyaga inakohoa kwanza ndiyo inapokea, na kwenye foleni ya Kilwa Road silensa inashuka mpaka unahisi inazima.

Fundi wa kwanza akasema pampu ya mafuta. Ikanunuliwa, bado. Wa pili akasema nozeli. Zikafunguliwa, zikaoshwa, zikarudishwa, bado. Zikaja plagi za mtumba, siku mbili gari ikawa na afadhali kidogo, ya tatu ikarudi kule kule. Mpaka hapo laki saba zimeshatoka. Fundi wa tatu hata boneti hakufungua vizuri, akasikiliza tu mlio akasema: "Injini imechoka hii, tafuta nyingine." Dogo akaanza kutafuta mteja wa kumuuzia gari kwa bei ya kutupa, na deni la ndugu bado liko pale pale.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa gasketi ya kava la valvu na koili moja. Nitarudi kwake.

Kwa nini nazungumzia Altezza? Kwa sababu ndiyo gari la spoti ambalo vijana wengi wa Kinondoni na Temeke wanaliweza. Toyota walilitoa Japani kuanzia mwaka 1998 mpaka 2005, kwa hiyo hata lile la mwisho kabisa sasa limevuka miaka 20. Wenzetu Kenya hawaruhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Sisi tunaruhusu, ila unalipa kodi ya uchakavu, ndiyo maana magari ya spoti ya zamani yamejaa mtaani. Gari la umri huo kumisi siyo ajabu. Ajabu ni jinsi tunavyolitibu: tunanunua spea kwanza, ugonjwa tunautafuta baadaye.

KUMISI NI NINI HASA

Altezza ziko za aina mbili. RS200 ina injini ya 3S-GE, silinda nne, ambayo Toyota waliitengeneza pamoja na Yamaha. Ya manyuali ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 210. AS200 ina 1G-FE, silinda sita, nguvu za farasi 160. Gari likiwa limesimama linanguruma, injini inazunguka kama mara 700 kwa dakika. Hiyo ndiyo silensa. Kwa mzunguko huo kila silinda inachoma mafuta mara 350 kwa dakika. Silinda moja ikikosa kuchoma, au ikichoma leo kesho haichomi, ndiyo unasikia ule mtetemo. Kwenye RS200 ukipoteza silinda moja umepoteza robo ya injini, lazima ujue. Kwenye AS200 umepoteza moja kati ya sita, kwa hiyo mtu anaweza kutembea nayo wiki nzima akidhani ni barabara mbaya.

Ili silinda ichome inahitaji vitu vinne: cheche kwa wakati wake, petroli ya kutosha, hewa ya kiasi chake, na mgandamizo. Hakuna cha tano. Kila ugonjwa wa kumisi unaousikia gereji unaingia kwenye kimojawapo. Kazi yako, au ya fundi wako, ni kujua kwanza ni SILINDA IPI inayokosa, halafu inakosa NINI. Ukiruka hapo unacheza bahati nasibu, na tiketi zake zinauzwa bei mbaya.

Halafu usilichukulie poa ukasema litajirekebisha. Silinda isiyochoma inatema petroli mbichi kwenye ekzosi, ile petroli inaenda kuwakia kwenye masega. Masega yanapata joto kupita kiasi, yanayeyuka, yanaziba njia ya moshi. Petroli nyingine inaosha oili kwenye kuta za silinda na kushuka kwenye sampo, ringi zinasuguana kavu. Yaani umeanza na koili moja, unamaliza na injini.

ANZA NA MASIKIO

Kabla hujafungua nati yoyote, jiulize inamisi WAKATI GANI. Hapa ndipo mafundi wengi wana haraka, na hapa ndipo penye utajiri wote.

Inamisi ikiwa silensa lakini ukiikanyaga inakaa sawa? Fikiria hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma, yaani mpira uliopasuka au gasketi ya manifodi iliyoachia. Sensa inapima hewa inayopita njia halali tu, hii ya wizi haihesabiwi, kwa hiyo petroli inakuwa kidogo kuliko hewa. Silensa hewa ya wizi ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukikanyaga, hewa halali inakuwa nyingi na ile ya wizi haina nguvu tena. Throto chafu na valvu ya VVT-i iliyokwama nazo zinaangukia kundi hili.

Silensa iko poa, lakini ukipandisha mlima au ukikanyaga kwa nguvu ukiwa gia ya nne inagonga na kukatakata? Hapo fikiria cheche dhaifu au petroli isiyofika. Injini ikibeba mzigo, presha ndani ya silinda inapanda, na cheche kuruka kwenye presha kubwa ni kazi ngumu. Koili mbovu inajificha silensa na kujianika mlimani. Pampu iliyochoka au filta ya petroli iliyoziba inafanya hivyo hivyo, ila yenyewe mara nyingi gari linakosa nguvu taratibu kama linavutwa nyuma, koili inakata ghafla kama mtu anazima na kuwasha swichi.

Inamisi ikiwa ya baridi tu, ikipata moto inatulia? Inamisi baada ya mvua au baada ya kuosha injini? Hili la mwisho liwekee alama. Pale kwenye kuosha magari kijana anakuuliza, "Bosi, na injini?" Unasema ndiyo, anaingiza mpira wa presha. Maji yanaingia kwenye visima vya plagi, yanakaa mle. Kesho asubuhi gari inamisi, unaambiwa injini imekufa. Kumbe ni kukausha visima tu.

Ukitaka uhakika kama ni kumisi kweli au ni mtetemo wa maunti za injini zilizokatika, nenda nyuma ya gari, shika kipande cha karatasi karibu na mdomo wa ekzosi. Injini nzima inapuliza karatasi kwa mapigo yanayolingana. Ikiwa inamisi, pigo linaruka, wakati mwingine karatasi inavutwa ndani kidogo. Mapigo yakiwa sawa na gari bado linatikisika mpaka dashibodi, angalia maunti.

TAA YA CHEKI INJINI

Ikiwaka, soma kodi kabla ya kufanya lolote. Tatizo ni kwamba magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ile hayasomeki na kila kifaa. Kile kidude cha bluetooth cha bei rahisi mara nyingi hakitoi kitu kwenye Altezza, mtu anakwambia "kompyuta yako imekufa". Haijakufa, hawaelewani lugha. Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma Toyota za Japani.

Mwenye gari la zamani zaidi, mfano Celica ile ya 1993 mpaka 1999, wewe una bahati, huhitaji hata mashine. Chini ya boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, unganisha tundu la TE1 na la E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini. Taa itaanza kupepesa, unahesabu. Mara moja, kituo, mara nne, hiyo ni 14, maana yake kuna shida kwenye mfumo wa cheche. 21 ni sensa ya oksijeni. 25 ni petroli kidogo hewa nyingi. Ikipepesa mfululizo bila kituo, kompyuta haijaona kosa. Usikosee matundu, yasome maandishi yake ndani ya kifuniko mara mbili.

Na kodi siyo hukumu. Kodi ya 25 haimaanishi sensa ni mbovu. Inaweza kuwa sensa inasema ukweli mtupu, kwamba kuna mpira umepasuka.

KUMTAFUTA MWIZI

Sasa turudi kwa dogo wa Tandika. Kuna mzee mmoja ana gereji ya chini ya mwembe, vifaa vyake vinajaa kwenye ndoo moja. Dogo akafika, shikamoo mzee, marahaba mwanangu, akaanza kueleza pampu, nozeli, plagi. Mzee akamkata: "Hayo ni uliyonunua. Niambie gari inaumwa nini."

Akawasha injini, akaiacha silensa. Akawa anachomoa soketi ya koili, moja baada ya nyingine, kila moja kwa sekunde chache tu, kisha anairudisha. Ukichomoa ya silinda nzima, injini inashtuka, mtetemo unazidi. Ya kwanza, ikashtuka. Ya pili, ikashtuka. Ya tatu, kimya. Hakuna kilichobadilika. Ya nne, ikashtuka. Dakika tano hazikufika, mwizi kapatikana: namba tatu haichangii kitu.

Tahadhari hapa wadau. Koili inatoa maelfu ya volti. Chomoa ile soketi ndogo ya juu, usinyanyue koili yenyewe injini ikiwa inaunguruma. Kwenye magari yenye distributa na nyaya za plagi, kama Celica, usishike waya kwa mkono mtupu, utarushwa. Kama soketi za nozeli zinafikika, chomoa hizo badala ya koili, maana ukikata nozeli petroli haiingii kabisa na masega yako yanabaki salama.

Mzee akazima gari. Akachomoa koili ya namba tatu na ya namba moja, akazibadilishana. Gari ikawashwa tena, kipimo kikarudiwa. Safari hii namba tatu ikashtuka na namba moja ikawa kimya! Ugonjwa umehama na koili. Basi siyo nozeli, siyo pampu, siyo pistoni. Kama ugonjwa ungebaki namba tatu, angehamisha plagi, kisha ndiyo angefikiria nozeli na mgandamizo. Hii mbinu ya kuhamisha haina gharama hata shilingi, na ndiyo inayotenganisha fundi na mbahatishaji.

Lakini mzee hakuishia hapo, na hapa ndipo nilipompenda. Koili ya namba tatu ilivyotoka, ule mpira wake wa chini ulikuwa umelowa oili, umevimba, una mstari mweusi ubavuni. Mstari ule ni njia ya cheche. Badala ya kuruka kwenye ncha ya plagi ilikuwa inapenya kwenye mpira na kwenda kwenye chuma cha kisima. Oili ilitoka wapi? Kwenye mipira ya kava la valvu inayozunguka visima vya plagi. Imekaa miaka 20 ikipikwa, imekuwa migumu kama plastiki. Kununua koili mpya peke yake kungempa miezi michache, halafu ile mpya nayo ingeoga oili. Ndiyo maana zile plagi za mtumba zilimpa afadhali ya siku mbili: walivyozifunga walifuta kisima, oili ikarudi taratibu.

PLAGI ZINAONGEA

Ukizitoa, zipange kwa namba, usizichanganye. Iliyo nzima ina rangi ya kahawia hafifu au kijivu. Nyeusi kavu kama masizi, petroli imezidi au filta ya hewa imeziba. Imelowa petroli, haikupata cheche. Imelowa oili kwenye ncha, oili inapanda ringi au inashuka gaidi za valvu. (Oili kwenye kaure ya juu ni ile ya kisima, kama ya dogo, msichanganye.) Nyeupe yenye vidoti, inachoma kwa moto mno, hewa imezidi petroli. Zikiwa tatu za kahawia na moja tofauti, umeshapata pa kuanzia. Zikiwa zote nyeusi, usitafute silinda moja, tafuta kitu kinachohudumia zote.

Plagi za mtumba sizielewi kabisa. Mtu katoa milioni kadhaa kununua gari halafu anafunga plagi iliyotupwa na mwenzake. Na mpya nazo zikague, plagi feki ni nyingi, maandishi yamefifia na ncha imekaa upande.

HEWA NA MAFUTA

Mpira uliopasuka unautafuta kwa sikio, unasikia "ssss". Mafundi wengi wanapuliza petroli au dawa ya kabureta kwenye manifodi waone kama silensa itapanda. Inafanya kazi, lakini injini ya moto na petroli ya kupuliza vimeshaunguza magari. Tumia maji kidogo kwenye chupa ya kupulizia, kwenye maungio ya mipira tu, mbali na koili na soketi. Yakivutwa ndani utasikia mlio unabadilika. Na kama unanusa petroli chini ya boneti, acha vipimo vyote, usiwashe, tafuta inapovuja.

Kuhusu mafuta. Wakongwe mnakumbuka enzi za uchakachuaji, petroli inachanganywa na mafuta ya taa kwa sababu ya tofauti ya kodi. EWURA wakaanza kuweka kinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, na mwaka 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipotee. Mchezo ulipungua sana, ila petroli ya kwenye madumu na chupa za kando ya barabara hakuna anayeijua. Kipimo cha mtaani: dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, liache likauke. Petroli safi inaondoka yote. Ikiacha doa la mafuta, kuna kitu kimechanganywa. Kwa maji, weka petroli kwenye chupa angavu ya kioo, iache itulie, maji yanakaa chini. Fanya nje, mbali na jiko na sigara.

RS200 ina mgandamizo wa 11.5 kwa 1 na ilitengenezewa petroli ya daraja la juu ya Japani, ambayo huwa karibu oktani 100. Kwa hiyo yenyewe mafuta mabaya inayahisi haraka kuliko Corolla ya baba. Na ile tabia ya kuweka ya elfu kumi kila siku taa ya mafuta ikiwa imewaka nayo ni ugonjwa. Pampu iko ndani ya tenki na inapozwa na petroli yenyewe.

Oili nayo inaingia hapa. VVT-i inafanya kazi kwa presha ya oili, kupitia valvu yenye chujio dogo sana. Oili ikiwa nzito kupita kiasi au imegeuka tope, valvu inakwama, taimingi inabaki pasipotakiwa na silensa inatetemeka. Kuna watu wamefungua injini nzima kwa kitu ambacho kinaoshwa kwa nusu saa.

UKIFIKA HAPO BADO

Cheche ipo, petroli ipo, hewa haiibiwi, silinda ni ile ile moja: pima kompresheni. Toa plagi zote, zima nozeli, kanyaga mafuta mpaka chini, piga stata. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba, hicho ndicho kipimo cha Toyota wenyewe. Moja ikiwa chini, mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu lake upime tena. Ikipanda ni ringi, isipopanda ni valvu. Mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja, shuku gasketi ya silinda hedi. Hapo, na hapo tu, ndiyo mtu ana haki ya kukwambia habari za kufungua injini.

Zote zikiwa chini kwa pamoja, muulize fundi kuhusu mkanda wa taimingi. Injini zote mbili za Altezza zinatumia mkanda, siyo cheni, na unabadilishwa kila kilomita 100,000. Mkanda ukiruka jino moja gari inawaka lakini inatembea kama imelewa. Kama huna ushahidi wa lini ulibadilishwa, usiziamini kilomita za kwenye dashibodi, wengi zimerudishwa.

Dogo wa Tandika alinunua koili moja, seti ya gasketi ya kava na plagi nne mpya. Pamoja na ufundi haikufika nusu ya ile laki saba. Kisima kikasafishwa, mipira ikabadilishwa, kava likafungwa. Gari ipo mpaka leo, tangazo la kuuza kalifuta. Deni la ndugu bado analipa, na ile pampu ya zamani, ambayo haikuwa na kosa lolote, ameihifadhi kwenye buti.

Nawasilisha.